Karai Lisilofunikwa

Wifi yangu Godelive hupika akiwa amefumba macho. Wanaomwona mara ya kwanza hudhani anasali, au moshi umemchoma. Mimi ninayeishi naye parseli moja huku mtaa wa Shari, Bunia, uzio mmoja, choo kimoja, pipa moja la maji ya mvua, najua kwamba anasikiliza. Anasikiliza mafuta. Anasema mafuta huongea kabla ya kuungua, na mtu asiyeyasikia afadhali apike sombe, majani ya muhogo, kwa sababu sombe haina haraka. Sombe inakungoja urudi kutoka kisimani, inakungoja umalize ugomvi na jirani, inakungoja hata usinzie.

Ni mdogo wa mume wangu, kitindamimba wa kwao, aliyezaliwa upande wa Gety katika nyumba ya watu wa shamba na ng'ombe wachache. Ni mrefu, mwembamba, ana kovu la mafuta kwenye kiwiko cha mkono wa kuume, na hutembea kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, akitazama kila anapokanyaga. Mchana anauza tangawizi, karoti na majani ya vitunguu kwenye soko dogo la jirani. Jioni akirudi, harufu ya tangawizi huingia kwanza uani, halafu yeye.

Alipoolewa, mume wake Fiacre alikuwa mchimba dhahabu, na wachimbaji hawana kwao; kwao ni pale dhahabu ilipolala. Wakaenda Mongbwalu. Waliishi huko kwenye nyumba ya turubai, halafu ya mabati, halafu ya turubai tena. Siku moja Fiacre alisema anakwenda kuangalia shimo jipya ng'ambo ya mto. Akachukua blanketi moja, akaacha moja. Godelive anasema hapo ndipo alipojua: mtu anayenuia kurudi hagawi mablanketi.

Hakulia sana. Alikwenda kuomba kazi ya kufua nguo kwenye kambi ya Wachina waliokuwa na mashine za kuchota mchanga mtoni. Alifua miezi mitatu, kisha wakamtoa kwenye beseni wakamtia jikoni, amenye vitunguu saumu. Mpishi wao alikuwa mzee mfupi waliyemwita Papa Wu. Kiswahili cha Papa Wu kilikuwa maneno matatu: maji, moto na hapana. Kichina cha Godelive hakikufika hata neno moja. Basi mzee alimfundisha kwa kugonga. Alikuwa na mwiko mrefu wa chuma, na alipogonga ukingo wa karai mara moja, maana yake geuza. Mara mbili, maana yake toa, toa sasa hivi, hata kama nyumba inaungua. Akikosea, mzee hakumgombeza. Alimfumba macho kwa kiganja chake chenye harufu ya saumu na kumsogeza karibu na karai, mpaka asikie mwenyewe.

"Ukitazama na macho, unachelewa," Godelive huniambia. "Macho inaona kitu ikisha kuungua. Sikio inajua mbele."

Miaka mitano alipika hivyo. Wanaume walitoka mtoni wamelowa, wakapanga mstari na bakuli mkononi kabla chakula hakijaiva. Karoti ilipotoka motoni ilikuwa bado inalia chini ya jino. Walikula wamesimama, kimya, huku mto unapita nyuma yao na ukungu unashuka juu ya miti. Akinisimulia hayo sauti yake hupungua, nami huona kama nilikuwapo: bakuli nyeupe zikielea kwenye ukungu, hakuna watu, bakuli tu.

Halafu asubuhi moja kambi ilifungwa. Magari yalikuwa yamepakiwa. Papa Wu alimpa karai lake, akagonga ukingo mara mbili kwa kidole, akapanda gari. Hawakuonana tena.

Nakumbuka siku alipofika kwetu. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya Bunia inayofanya barabara kuwa supu nyekundu. Nilisikia kwanza mlio, kama ngoma ndogo inayopigwa na mtu aliye mbali sana, nikatoka mlangoni. Ni wifi yangu anakuja peke yake katikati ya barabara, karai la chuma amejifunika kichwani, na matone yanalipiga. Watoto wa karchie, mtaa wetu, walimfuata wakiimba, "Kofia ya Wachina! Kofia ya Wachina!" Yeye alikuwa anacheka ndani ya karai. Nilifikiri: huyu ameshaanza kuchanganyikiwa. Nikamvuta ndani haraka, watu wasimwone.

Mimi niko hivyo. Nikiona kitu, naanza kwa kukificha.

Mama yangu alinifundisha kwamba chakula kilicho wazi huliwa kwanza na macho. Katika miaka ya kukimbia-kimbia vita tulijifunza tena kwa nguvu: ukiwa na kitu kwenye sufuria, funika, maana kuna asiye na kitu anayepita. Basi mimi nafunika. Nafunika maji, nafunika unga, nafunika makala, makaa ya kupikia, hata mvua isipokuwapo. Na chakula cha mume wangu nakifunika mara mbili, sahani juu ya sahani, kitambaa juu yake, nakipeleka ndani sebuleni pamoja na maji ya kunawa, nafunua mbele yake yeye tu. Hiyo ndiyo heshima tuliyoikuta. Mwanamke anayemwita mume aje kula kwenye moto, kwetu anaambiwa hakulelewa. Na mwanaume anayekaa karibu na babula, lile jiko la makala, wakati mboga inaiva, watu humpa jina: mlamba-sufuria.

Mume wangu, Nicolas, ni seremala. Milango mingi ya karchie yetu ni kazi ya mikono yake, na vigoda vya wanawake wa soko, vile vya miguu mitatu, karibu vyote. Mwanzo wa mvua mwaka huu tansion, presha ya damu, ilimpiga akiwa kwenye meza yake ya kazi. Mkono wa kushoto ukalala, mdomo ukapinda kidogo. Mdomo ulirudi. Mkono ulirudi nusu. Tulipotoka kwenye santre ya afya, muganga, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliniambia masharti huku akiyahesabu kwa vidole. Chumvi iondoke. Makayabu, ile samaki ya chumvi anayoipenda kuliko mimi, iondoke. Mawese kidogo sana. Vile vijiwe vya ladha vya kutia kwenye mboga viondoke kabisa. Mboga nyingi.

"Na dawa anywe akiwa na kitu tumboni, mama. Akinywa bila kula itamuangusha. Na akiendelea kukonda, mutamurudisha huku mukimubeba. Baada ya wiki tatu ninamupima tena."

Nilifanya kama alivyosema. Nilipika sombe bila chumvi, bila mawese ya kutosha, bila samaki. Nilipika kabichi mpaka ikalainika kama alivyozoea. Nicolas alifunua, akachovya fufu mara tatu, akanawa mikono.

"Nimeshiba."

"Baba Débora, haujakula."

"Nimekula. Hii chakula inafanana na maji ya mvua, maji ya mvua inashibisha mbio."

Kila siku tonge tatu. Mimi nilizihesabu nikiwa nimesimama nyuma ya pazia. Niliuhesabu pia mkanda wake: kwanza tundu la pili, baadaye la tatu, halafu siku moja nikamkuta anatoboa tundu jipya kwa msumari, kwa mkono mmoja. Alhamisi moja alikunywa dawa na tumbo tupu, akaanguka njiani kwenda chooni. Nilimwinua peke yangu. Nilitazama kwanza juu ya uzio kama Dorcas, jirani yetu, ameona, ndipo nikamwinua. Hilo nalijua mwenyewe na Mungu.

Maana nilikuwa nimemficha. Tangu alipougua niliweka pazia zito mlangoni, lile la maua ya kahawia, na kila aliyeuliza nilimwambia amelala. Kwetu mtu akipatwa ghafla, watu hawaulizi amekula nini. Wanauliza amemkosea nani. Sikutaka maneno hayo yapite uani kwangu. Basi Nicolas alikaa ndani kwenye giza la kahawia, na mimi nikalinda pazia.

Ni Godelive aliyesema kwanza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, anafuta udongo kwenye tangawizi.

"Wifi, acha nimupikie kaka yangu ile ya Wachina."

"Ile majani mabichi? Unataka tumbo imumalize?"

"Si mabichi. Imeiva, lakini haijakufa."

"Na ile mchuzi mweusi ya chupa? Nimeionja. Ile ni chumvi tupu, Godelive."

"Njo maana naweka nusu kijiko, nachanganya na maji na ndimu, na chumvi ingine siweki hata punje. Saumu na tangawizi ndiyo inafanya kazi ya chumvi. Ulimi inadanganywa, wifi. Hata siye tunadanganywa kila siku na hatufi."

Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nikaona lile tundu la msumari likiwa limevutika, nikasema basi.

Jumamosi alirudi kutoka sokoni kabla ya saa sita. Nilimtazama akikata. Karoti aliikata mshazari, nyembamba kama kucha. Kabichi aliichana vipande vya upana wa kidole. Pilipili hoho moja nyekundu, majani ya vitunguu, kifua cha kuku kimoja alichokikata vipande vyembamba mpaka kikawa kingi. Kila kitu alikiosha, halafu akakikausha kwa kitambaa, jani kwa jani, kama anayempangusa mtoto mchanga. Mimi sijawahi kuona mtu anakausha kabichi.

"Maji ni adui," alisema. "Ikiingia kwenye karai na maji, haikaangiki, inachemka tu."

Akatia makala mengi, akapuliza hadi babula likawa jekundu kabisa. Karai tupu likakaa motoni mpaka likaanza kutoa kamoshi kembamba. Kijiko kimoja na nusu cha mafuta ya karanga, akayazungusha. Tangawizi na saumu, na harufu ikapanda uani mara moja, ikavuka uzio. Akafumba macho.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Manyunyu yalianza. Dorcas alikuwa anapita nyuma ya uzio, nikaona kitambaa chake cha kichwa kikisimama. Mboga zikiwa zimeshaingia zote karaini, Godelive aliingia ndani kuchukua vijiko. Karai lilikuwa limejaa rangi, limewaka wazi mbele ya dunia nzima, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikalifunika kwa mfuniko wa sufuria kubwa. Kidogo tu, nikasema moyoni, mpaka Dorcas apite. Wifi yangu aliporudi akakuta nimekwisha kuipua na kuweka sahani juu ya sahani, kitambaa juu, na naingia nayo ndani. Alisimama na mwiko mkononi, uso wake kama mtu aliyeona gari linaondoka bila yeye.

Nikaweka maji ya kunawa. Nicolas akanawa polepole, akasali. Nikafunua. Mvuke ulitoka, halafu maji yakadondoka kutoka kwenye sahani ya juu, na chini yake mboga zilikuwa zimelala, za kijivujivu, zinaogelea.

"Honorine."

"Abee."

"Hii ni mboga ao ni maji ya kufulia?"

Hata tonge tatu hakufika. Alisogeza sahani kwa mkono wake wa kushoto, ule uliolala, na kwa sababu mkono hauna nguvu ilichukua muda mrefu, na mimi nilisimama pale nikiitazama sahani ikisafiri juu ya meza.

Uani Godelive alikuwa anafuta karai kwa jani la mgomba.

"Umeiua," alisema.

"Mvua ilikuwa inanyesha."

"Mvua haikufunika. Ni weye. Mvuke unakaa ndani, haina kwenye kutokea, inarudia chakula, chakula inakuwa uji. Mi sipiki tena uje ufunike, wifi. Siku ingine utapika weye mwenyewe."

Mchana ule nilijilaza kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mvua ikiwa inapiga mabati, na nikaota. Niko kwa mama. Vyungu vyote vya ukoo vimepangwa uani, vimefunikwa, na mimi najua kwamba Nicolas yumo katika kimoja. Nafunua kimoja, ni mvuke. Nafunua cha pili, ni mvuke. Mvuke unapanda, unakuwa ukungu wa bondeni, na ndani ya ukungu namsikia anapiga randa, shrii, shrii, shrii, vile alivyokuwa akipiga asubuhi zote za ndoa yetu. Namwita. Sauti yangu inapanda, inagonga kitu juu, inarudi chini matone matone. Natazama juu. Mbingu ni mfuniko, na ukingoni kuna kidole changu kimeushika.

Nilipoamka mvua ilikuwa imeacha. Zilibaki siku tano kabla ya kumpima Nicolas.

Jumatatu nilimwambia Godelive nitapika mimi.

"Na utafunika?"

"Sijui."

"Afadhali umesema kweli."

Tulianza alasiri, saa Nicolas anapopaswa kunywa kidonge cha pili. Mwanga wa Bunia baada ya mvua una rangi ya asali, na vumbi halijapata nguvu ya kuruka. Kila kitu kinaonekana kama kimewekwa kwa utaratibu na mtu anayekipenda. Babula tulilitoa chini ya paa la mabati tunapopikia, tukaliweka katikati ya ua. Hilo nalo lilinitisha. Wifi yangu alikaa kwenye kigoda kando, akafumba macho, akashika kipande cha ukuni.

"Mi nitagonga," alisema. "Weye fanya."

Nilikata kama nilivyomwona akikata. Nilikausha kabichi jani kwa jani. Wali ulikuwa umeiva pembeni. Mchuzi mweusi nusu kijiko, maji vijiko vitatu, ndimu nusu, vyote kwenye kikombe. Nikangoja karai lipate moto, nikatia mafuta, yakakimbia juu yake kama kitu hai. Kuku kwanza. Nikasikia mlio, kama mvua inayoanza mbali kwenye migomba.

*Ko.*

Nikageuza. Tangawizi, saumu. *Ko.* Karoti, na mlio ukashuka kidogo, ukapanda tena. *Ko.* Kabichi, pilipili hoho. Nilikuwa nageuza na kugeuza, jasho linanitoka, na nilipojisahau kidogo nikafumba macho. Sijui kwa nini. Nikasikia mafuta yanasema kitu, si maneno, lakini ni mfano wa mtu anayeongea chumba cha pili na unajua ameridhika. Nikamwaga kile kikombe, ikalia *shaa*, harufu ikanijia usoni, chachu na tamu na kali, nikaona mto ambao sijawahi kuuona, na bakuli nyeupe kwenye ukungu, na mzee mfupi anayegonga.

*Ko-ko.*

Nikafumbua macho. Toa, sasa hivi. Nikaipua karai nikaliweka juu ya mawe matatu, na mkono wangu wa kuume, Mungu anisamehe, ulikuwa tayari unatafuta mfuniko pembeni. Haukuwapo. Nikatazama huku na huku. Godelive alikuwa ameukalia. Aliuweka juu ya kigoda, akaukalia, macho bado ameyafumba.

"Wifi, nipe ile kitu."

"Kitu gani?"

"Godelive!"

"Inakufa, Honorine. Hii haimungoji mutu. Mutu njo anaingoja."

Nikatazama pazia la kahawia. Kutoka pale nilipo hadi sebuleni ni hatua kumi na nne. Halafu kunawa, halafu sala. Nikatazama uzio, kitambaa cha Dorcas kilikuwa pale, na chini ya kitambaa macho. Nikatazama karai, karoti zinang'aa, kijani cha majani ya vitunguu bado kijani kama shambani. Katika miaka ishirini na mbili sijawahi kumwita mume wangu kwenye moto.

"Baba Débora!" Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Kuja! Chakula iko hapa inje. Haitakungoja!"

Nilisikia kuku wa Dorcas wanachakura. Nilisikia pikipiki moja mbali ikipanda kuelekea mjini. Nikafikiri: amekasirika. Nikafikiri: ameanguka. Nikafikiri mambo mengine ambayo sitayaandika.

Pazia likasogea. Kwanza ukaja mkono wa kushoto, ule wa polepole, umeshika kitambaa. Halafu yeye, anakunja macho kwa mwanga, shati limening'inia kama kwenye kamba. Alisimama kwenye kizingiti akanusa.

"Ni nini inanukia hivi?"

"Kuja uone," dada yake alisema, akainuka, akamsogezea kigoda, na mfuniko akauchukua kwapani.

Alivuka ule ua. Hatua moja, nyingine. Sikumshika. Mikono yangu niliifunga kwenye kitenge ili isikimbilie. Akaketi kwenye kigoda chake alichokichonga mwenyewe, karibu na babula, mahali ambapo mwanaume haketi. Nikampa sahani ya wali, nikamwagia mboga juu, na kijiko. Akatia mdomoni.

Nilisikia karoti ikivunjika. Godelive pia alisikia, maana alitabasamu akiwa amefumba macho tena.

Nicolas alitafuna, akasimamisha, akatazama ndani ya sahani.

"Inalia," alisema.

"Njo vile inapashwa kulia, kaka."

"Na chumvi?"

"Hakuna, isipokuwa ile ya mchuzi, nusu kijiko kwa siye bote," nilisema. "Ukitaka nitaongeza ndimu."

"Ongeza."

Kijiko cha pili, cha tatu. Niliacha kuhesabu kwenye cha tisa, kwa sababu Dorcas alipata sauti yake.

"Eee! Baba Débora! Kumbe iko muzima! Mama Débora kila siku 'amelala, amelala', tulisema huyu mama amemukausha mume na kumuweka juu ya mabati kama makayabu!"

Nilitaka ardhi inimeze pamoja na karai. Lakini Nicolas alikuwa anatikisika mabega, na wali ukamtoka mdomoni, na nikaelewa kwamba anacheka. Tangu alipougua nilikuwa sijasikia sauti ile.

"Makayabu walinikataza, Dorcas," alisema. "Sasa wamenifanya mulamba-sufuria."

"Kazi ya mulamba-sufuria ni nzuri, baba. Mi pia naitafuta."

"Zunguka basi. Kuja na sahani."

Dorcas alizunguka na sahani, na kwa kweli hakuuliza nani amemkosea nani. Aliuliza tangawizi ilikuwa kiasi gani. Godelive alimwonyesha kwa kidole gumba. Wakaanza kubishana kama kabichi ya Djugu ni tamu kuliko hii ya bondeni. Nilipotazama tena sahani ya Nicolas, ilikuwa na punje mbili za wali na mbegu ya ndimu. Aliinyoosha kwangu na mkono wa kushoto. Ilitetemeka njiani, lakini ilifika.

"Bado iko?"

Nikampa iliyobaki ukingoni. Halafu nikamletea kidonge, akanywa na maji, tumbo likiwa na kitu. Nilisimama nyuma yake nikingoja aanguke. Hakuanguka. Aliinama, akashika mguu mmoja wa kigoda chini yake, akautikisa.

"Huu muguu unacheza. Nani aliukalia vibaya?"

"Ni dada yako," nilisema. "Alikuwa amekalia mfuniko."

"Kesho munitolee meza inje. Hapa, kwenye mwanga. Ndani sioni kazi."

Alhamisi yake tulikwenda santre. Muganga alimpandisha kwenye mizani, akasoma, akarudia kusoma, akasema hajashuka sana. Alisema tu hivyo, "hajashuka sana," na akaandika. Nilitoka pale miguu yangu ikiwa haigusi vizuri chini.

Lakini mimi narudi kwenye ile alasiri. Mwanga ulikuwa unakwisha juu ya mabati, makala yamekuwa majivu mepesi, Dorcas na Nicolas wanacheka jambo la zamani, na karai liko wazi juu ya mawe yake matatu, mtu yeyote apitaye anaweza kuona ndani. Godelive alinijia na kunikabidhi mfuniko. Niliupokea. Ulikuwa na joto, sijui la moto au la yeye aliyeukalia. Nilisimama nao katikati ya ua muda mrefu, nikatazama sufuria, nikatazama mlango, nikatazama pazia ambalo mtu alikuwa amelisukuma kando na kuliacha hivyo, na sikujua niuweke wapi.